Sifuri Niliyoiongeza kwenye Mbizi Zangu Nne

Kisa hichi sijapata kukisimulia chote kwa mpangilio, hata mke wangu Moza alikipata vipande vipande, kimoja kwa kaka yake, kimoja kwa daktari, na kile kibaya kuliko vyote kutoka kwangu mwenyewe, ndani ya gari, baina ya Muscat na Ibra, yeye anaangalia dirishani na mie naangalia barabara. Leo nakisema kwa sababu wengi wenu mmesikia nusu yake, na ile nusu mliyoisikia inanisitiri kuliko ninavyostahiki. Ningekuwa kijana ningesema ujana. Lakini nilikuwa mtu wa miaka thelathini na tisa, baba wa watoto watatu, na kazi yangu, kama mnavyojua, ni kukagua magari pale Nizwa, gereji za Firq, kabla hayajarudishwa kwa wenyewe. Mtu akiniambia breki nzima, siamini mpaka niingie chini ya gari nizione kwa macho yangu. Huyo ndiye mtu aliyefanya haya.

Nilipokuwa nasoma Malaysia, miaka kumi na sita nyuma, nilijifunza kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Nikapewa kadi, nikapiga mbizi nne, zote katika wiki moja, zote mwalimu akiwa karibu yangu kiasi cha kunishika mkono. Basi. Nikarudi Oman, nikaoa, maji ya bahari nikawa nayaona kwa miguu tu. Lakini hadithi zake hazikubaki nne. Kila Ijumaa tunakula chakula cha mchana Ibra, nyumbani kwa wakwe zangu, na baada ya kula, chai ikija, mtu huniambia, hebu Saidi tuhadithie bahari, nami nahadithia, na kila mwaka bahari ile ikawa inazidi kina. Kasa niliyemwona akawa papa. Papa akawa papa watatu. (Sikuwahi kukaa nikasema leo nitadanganya. Ilikuwa ni kuongeza chumvi kidogo, na watu wanacheka, na mtu unapenda kuchekewa.)

Aliyekuwa hacheki ni Khalfan, ndugu mdogo wa Moza. Yeye alikuwa anasikiliza. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mchoraji wa ramani za barabara, kijana mpole, hana maneno mengi, na msimu wa baridi uliopita alikwenda Muscat kila wikiendi akajifunza kuzamia, akapata kadi yake, asimwambie mtu mpaka alipomaliza. Alikuja akanionyesha mie kwanza.

"Shemegi," akasema, "mwezi ujao naoa. Kabla sijaoa nataka tuzamie pamoja, mie na wewe. Wewe chagua kampuni, wewe chagua pahala. Mie nitakufuata wewe tu."

Baba mkwe wangu, Mzee Hilal, alikuwa amekaa pale. Mzee huyu kazaliwa Unguja, Malindi, kaja huku kijana, na Kiswahili chake mpaka leo ni kile cha zamani kilichonyooka. Akaniangalia, akasema, "Basi huyo mwanangu nakukabidhi." Nikasema inshallah, nikachukua tende nyingine.

Kwa wiki mbili nikawa mtu wa kuchagua. Kila nikitoka kazini nakaa na simu, natazama video za chini ya maji, nasoma watu wanasema nini, wapi pana kasa, wapi pana mwamba, wapi mkondo mkali, kampuni ipi ina boti nzuri. Nilikuwa naifurahia kazi ile, nakiri, kwa sababu kuchagua kunampa mtu sura ya mjuzi. Mwisho nikabakiwa na kampuni mbili, zote za mji wa Sur, pwani, na Jumamosi moja nikaendesha kutoka Nizwa peke yangu kwenda kuziona.

Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mmoja, Bi Zuwena, mtu mzima, mfupi, mweusi wa jua, ofisi yake ndogo imejaa suti za mpira zinaning'inia zinachuruza maji. Aliponisikia nazungumza na Moza kwenye simu akanikata kwa Kiswahili, "Ala! Kumbe mwenzetu, karibu." Nikampa shikamoo, akaitika. Kitu cha kwanza alichonionyesha si boti. Alifungua sanduku la kijani, ndani mna mtungi wa oksijeni na barakoa yake, akanionyesha mshale wa kipimo umesimama kwenye kujaa. Mie moyoni nasema, huyu mama vipi, nimekuja kutazama samaki ananionyesha vitu vya hospitali.

"Mara ya mwisho umezamia lini?" akauliza.

"Kitambo kidogo."

"Kitambo gani, mwanangu?"

"Ya'ni... miaka kumi na kitu."

"Si aibu. Watu wengi hivyo hivyo. Basi siku ya kwanza mtaingia hapa ghubani, mita sita, nyote wawili. Nitakukumbusheni kutoa maji kwenye miwani, kupanda, kushuka, kupeana hewa. Nikiona mko vizuri, kesho yake ndiyo tutazungumza mwamba wa nje. Na upepo ukigeuka hatwendi, hata mkinuna. Daftari lako la mbizi unalo?"

Nikasema nimelisahau Nizwa. (Lipo sandukuni mpaka leo, kurasa nne zimeandikwa.) Nikajiona nimepiga magoti kwenye mchanga, mita sita, nafundishwa kutoa maji kwenye miwani kama mtoto wa chuo anayeanza alifu, na Khalfan kando yangu anatazama. Uso ukaniwaka. Nikamwambia nitakupigia. Sikumpigia.

Kampuni ya pili ilikuwa na makochi. Ilikuwa na kahawa, halua, na televisheni kubwa inaonyesha ule mwamba wa nje, samaki wanapita makundi kwa makundi. Mwenyewe, Badar, kijana mchangamfu, alikaa na mie kwa Kiarabu kizuri, akauliza swali moja tu: "Kadi mnazo?" Nikasema tunazo. "Khalas, mafi mushkila, hapana tabu. Mwamba wa nje, Ijumaa asubuhi." Nikatoka pale roho kunjufu, nikampigia Khalfan nikamwambia nimechunguza zote na hii ndiyo bora. Mtu wa breki. Sikuuliza oksijeni, sikuuliza boti, sikuuliza kitu.

Ijumaa tukafika Sur watatu, mie, Khalfan, na kaka yao mkubwa Suleiman, ambaye haingii majini hata kwa fimbo lakini alisema lazima aje amwone shemegi yake kazini. Kabeba birika la kahawa na kikapu cha tende, kavaa kanzu yake na kofia, kama anakwenda arusini. Badar akatupa kila mtu fomu yake. Jina, umri, maradhi, na mstari mmoja: umewahi kupiga mbizi ngapi. Nikaandika nne. Nikatupia jicho fomu ya Khalfan kando yangu, yeye kaandika sita.

Jamani, sita. Mwanafunzi wangu ana mbili zaidi yangu. Kalamu ilikuwa bado iko juu ya karatasi, haijanyanyuka. Nikaongeza sifuri.

Khalfan akachungulia. "Arubaini! Masha'allah, shemegi, hukuwahi kutwambia." Nikatabasamu. Badar akazikusanya fomu, akazipitia haraka, akafurahi. Alikuwa na wageni wawili, mume na mke kutoka Ulaya, wote wapya. "Vizuri sana," akaniambia. "Wewe mwenye arubaini utakwenda na kijana wako. Mie nitakuwa mbele na hawa." Hapo ndipo ile sifuri ilipoanza kazi. Bila ya ile, angekwenda na sisi yeye.

Akaniuliza nataka risasi ngapi za mkandani, zile risasi nzito za kumzamisha mtu. Sikukumbuka kabisa. Nikataja idadi kwa sauti ya mtu anayejua, akanitazama mara moja, kisha akanipa. Mwenye mbizi arubaini nani atambishia?

Boti ikakata kama nusu saa. Bahari ilikuwa tulivu, jua zuri. Tukaruka. Suleiman anapiga picha. Nikashuka, na zile risasi zikanivuta kama mtu kanishika miguu, masikio yananiuma, nikageuka nikamwona Khalfan yuko juu yangu kidogo, anakuja taratibu, anazamia vizuri, wallahi, mikono kaikunja kifuani kama alivyofundishwa. Akanionyesha kidole kwamba yuko sawa. Nami nikamwonyesha.

Kwenye mita kumi na tano maji yakageuka baridi ghafla, kama umefungua mlango wa friji ukatia kichwa, na rangi ikawa ya kijani, huoni mbali. Badar na wageni wake wakazunguka kona ya mwamba. Sikuwaona tena. Nikatua chini kwa kishindo, saa yangu ya kuzamia inasema mita ishirini na saba, vumbi likatimka, tukakaa pale dakika kadhaa nikijifanya natazama samaki. Nilikuwa nahema. Nilikuwa naangalia kipimo changu cha hewa kinavyoshuka, na ya Khalfan iko nyingi, nami nakataa kumwashiria tupande, kwa sababu mwenye arubaini hamalizi hewa kabla ya mwenye sita. Dakika zikaenda. Kisha nikageuza kichwa kwa haraka, miwani ikagonga jiwe, maji yakaingia.

Kutoa maji kwenye miwani ni kitu chepesi. Mtu unabana juu, unapuliza kwa pua. Dakika tano Bi Zuwena angenikumbusha. Lakini pale chini akili ilinitoka yote. Nikavuta maji puani, nikafumba macho, nikakamata kitufe cha kutia hewa kwenye jaketi nikakibana, wala sikukiachia. Nikaanza kupanda. Mtu anatakiwa apande polepole, asimame njiani, mwili utoe ile hewa iliyoingia kwenye damu. Mie nilipanda kama puto.

Na nikahisi mkono kwenye mkanda wangu. Khalfan kanishika. Anatoa hewa kwenye jaketi lake, anajaribu kunifanya mzito anipunguze mwendo. Nikampiga teke, si kwa kutaka, nilikuwa sijui nafanya nini. Angeniachia angepanda kwa utaratibu wake akatoka salama. Hakuniachia. Tukatoka juu pamoja, nusu ya miili yetu hewani, na Suleiman maskini ndani ya boti akapiga makofi, akidhani tumemfanyia mchezo.

Sasa ndiyo ile sehemu ambayo Moza aliisikia ndani ya gari.

Tulipopanda botini Suleiman akauliza, "Mbona mapema?" Nami, bado nakohoa maji, nikasema, "Khalfan kapata shida kidogo chini. Nimeona bora nimtoe."

Khalfan alikuwa anavua mapezi ya miguuni. Akanitazama. Akarudi kuvua mapezi. Suleiman akamkemea kwa upole, mdogo wangu, ungetulia, una bahati ulikuwa na Saidi. Akammiminia kahawa. Khalfan akaipokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeanza kumuuma begani. Baada ya robo saa akasema kama sisimizi wanamtambaa vidoleni. Kisha akataka kusimama, mguu wa kushoto ukakataa.

Badar alipotoka majini akaelewa mara moja. Akafungua kabati akatoa mtungi wa oksijeni. Mshale ulikuwa chini kabisa. Akaugonga kwa kidole, akaugonga tena, uso wake ule wa uchangamfu umekwisha, kisha akaingia kwenye redio kuomba msaada. Boti iliyokuwa karibu ikaja kutoka upande wa ghuba, inapiga mawimbi, na kabla haijafika nilimtambua aliyesimama mbele. Bi Zuwena, na sanduku la kijani kifuani.

Akarukia boti yetu, hakunisalimu. Alimlaza Khalfan, akamvisha barakoa, akafungua hewa, na tulipokaribia pwani mtandao uliposhika akampigia daktari, simu ikawa wazi, kila mtu anasikia. Daktari anauliza, yeye anatuuliza sisi.

"Mmeshuka mita ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Dakika ngapi chini?"

Nikasema kama ishirini.

"Mmepanda vipi? Taratibu mkasimama njiani, au kwa kasi?"

Wote wananitazama. Suleiman, Badar, mume na mke wale, nahodha.

"Taratibu," nikasema.

Bi Zuwena akaanza kumwambia daktari. Nikamwangalia Khalfan. Macho yake yalikuwa yananitazama juu ya ile barakoa, hayana hasira, yananingojea tu, na nikaelewa kwamba hatasema. Mie ni mume wa dada yake, mkubwa wake, na mbele za watu hatanikadhibisha hata mguu wake ukifa pale pale. Adabu aliyolelewa nayo ndiyo niliyokuwa nataka kumzika nayo.

"Si kweli," nikasema. "Mama, mwambie si kweli. Tumepanda kwa kasi. Mie ndiye niliyepanda, yeye kanishika anizuie. Yeye hakupata shida yoyote. Ni mie."

Bi Zuwena akamweleza daktari upya, neno kwa neno, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Umezamia mara ngapi wewe maishani?"

"Nne."

"Umeandika arubaini," Badar akasema kwa Kiarabu. Na karatasi akaitoa mfukoni akaikunjua, kana kwamba kuna aliyembishia. Suleiman alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Alikimwaga baharini, akakiweka kikapuni, akaenda kukaa mbele ya boti kanipa mgongo. Sijui kama alijua anafanya nini. Mpaka pwani hakugeuka.

Gari la hospitali likatungojea. Sur wakamtazama, wakampeleka Muscat, kwenye chumba kile cha chuma ambacho mgonjwa hufungiwa ndani akatiwa shinikizo kama la baharini, akapandishwa polepole, ule upandaji nilioukimbia mie. Aliingia mara sita. Daktari akatwambia lau wangedhani kapanda taratibu wangedhani ni bega tu limestuka, na saa zingepotea, na kwenye maradhi yale saa ndiyo mguu. Alilisema hilo mbele ya Mzee Hilal na Moza, akidhani ananisifu.

Siku ya tatu nikapata kukaa na Khalfan peke yetu. Nikamwomba radhi, nikalia, sitaki kuwadanganya tena, nililia. Akaniambia, "Shemegi, nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Ungesema taratibu mara ya pili, sijui ningefanya nini. Mpaka sasa sijui." Kisha akaniomba nimsogezee maji.

Arusi haikuahirishwa. Bwana arusi alikuja na bakora mkononi, na wageni wengi hawakujua kitu, maana mwanamme wa kwetu akivaa kanzu na jambia bakora ni pambo lake. Sisi wa nyumbani ndio tuliokuwa tukiona namna alivyokuwa akiiegemea.

Majlisi ya Mzee Hilal imejaa, ubani unafuka, sheikh kakaa na daftari lake la nikaha, akasema tunataka mashahidi wawili waadilifu. Mmoja akasogea. Mie nimeshuhudia nikaha mbili za nyumba ile, ndiye mkwe mkubwa, na mazoea yakanitangulia. Nikainuka. Nikawa nimeshapiga hatua mbili juu ya zulia, watu wamenipisha magoti yao, ndipo Mzee Hilal akanyoosha mkono akanigusa kwenye mkono wa kanzu.

"Kaa, baba," akasema. Si kwa ukali. Kwa sauti ile ile anayoniambia nile. "Atashuhudia jirani."

Nikakaa pale pale nilipofika, katikati, si mahali pangu wala pa mtu, magoti yangu yanamgusa mzee nisiyemjua. Jirani akapita mbele yangu akaandika jina lake. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyecheka. Kahawa ikaja, nikanywa. Sheikh akasoma. Khalfan akasema nimekubali, sauti yake kavu, nzuri, na mie nikaitikia amin pamoja na watu.

Niliapa pale kwamba sitatia tena mkono wangu kwenye karatasi inayosema nisivyo, iwe ya bahari, iwe ya gereji, iwe ya kusifiwa tu mbele ya sahani ya wali. Na kumshusha mtu majini, sitamshusha mtu tena, hata akiniomba kwa machozi. Khalfan mwenyewe karudi kuzamia mwaka uliofuata, na watu wengine. Alinipigia simu kuniambia, nikamuuliza kampuni ina oksijeni, akacheka akasema ameshaiangalia.

Tangu siku ile zimefungwa nikaha mbili zaidi kwenye majlisi ya Mzee Hilal. Ijumaa nakwenda kama kawaida, ananikaribisha, ananikatia nyama kwa mkono wake, ananiuliza watoto, na hajanitamkia neno moja juu ya Sur. Sheikh akiuliza mashahidi, mie natazama zulia. Mzee hajaniita, nami sijamuuliza ataniita lini.